Mchekeshaji wa kike Arusha: kabareti hotelini, filamu, sherehe na kuingiza sauti. Anavipangaje?

MnaraWaSaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Hoteli moja upande wa Kijenge imempa msanii wetu Ijumaa nne, dakika 45 kila Ijumaa. Meza 15, watu kama 60, nusu wageni wa utalii, nusu watu wa mjini. Wanataka kabareti: mwanamke mmoja, mpiga kinanda mmoja, nyimbo, vichekesho na wahusika wawili watatu. Sauti anayo, kuigiza anajua, na uemsii wa kicheni pati anaufanya.

Nauliza vitu vinne. Dakika 45 zinajengwaje zisigeuke kuwa tamasha la nyimbo lenye utani katikati? Maiki ya kichwani au ya mkononi? Malipo na vibali vikoje? La mwisho ndilo kubwa: Ijumaa nne hazilipi pango la mwaka, kwa hiyo itabidi afanye na filamu, sherehe na kuingiza sauti (kuzisemea tamthilia za nje kwa Kiswahili). Hizo ni kazi nne au ni kazi moja? Naomba majibu ya kiufundi, yale ya "ajiamini tu" tunayo ya kutosha.

BiKaratasi

Anza na hesabu, ndugu. Dakika 45 za tangazo ni dakika 36 za karatasi. Zilizobaki zinaliwa na vicheko, makofi, mhudumu anayepita na sinia, na yule bwana wa meza ya mbele anayejibu kila kitu. Mtu anayeongea Kiswahili jukwaani kwa mwendo wa kawaida anatoa maneno 110 hadi 130 kwa dakika, kwa hiyo kipande cha dakika sita kisizidi maneno 700. Kikizidi atakimbia, na anayekimbia anakanyaga kicheko chake mwenyewe: watu wanacheka mstari wa kwanza, yeye yuko wa tatu, wa pili haukusikika na mtu.

Kwa ukumbi wa watu 60 ningepanga hivi. Wimbo wa kuingilia, dakika mbili na nusu, wenye maneno ya kumtambulisha. Salamu na utani wa ukumbi wenyewe, nne. Mhusika wa kwanza, sita. Wimbo wa kichekesho, tatu. Mhusika wa pili, saba. Wimbo mmoja wa kweli, usio na utani hata chembe, nne. Mhusika wa kwanza anarudi akiwa amebadilika kidogo, sita. Wimbo wa kufunga, tatu na nusu. Jumla 36.

Wimbo wa kweli wengi wanautupa wakisema unapoza ukumbi. Mimi nasema huo ndio unaotenganisha kabareti na usiku wa vichekesho. Watu wakinyamaza dakika nne nzima, kicheko kinachofuata kinakuja kwa nguvu mara mbili. Ila usiwekwe kabla ya dakika ya 20. Mapema hivyo ukumbi haujamwamini, wataendelea kutafuna.

Sasa mhusika. Tumchukue mgumu wa kike, yaani mbeba mizigo wa Kilimanjaro. Watu wa mjini wanamjua, na huenda mgeni wa meza ya tatu ameshuka naye mlimani juzi. Mzigo anaobebeshwa mwisho wake kilo 20, na unapimwa getini. Mstari ulioandikwa vibaya ni huu: "Mteja alitaka nimbebee choo chake, kina kilo kumi na tisa, na mzigo mwisho ni kilo ishirini." Taarifa imetoka yote, hakuna kilichobaki cha kuchekesha. Uandikwe hivi:

"Kilo ishirini, sheria ya hifadhi. Kumi na tisa ni choo cha mteja. Moja ni matumaini kwamba hatakitumia."

Pigo, yaani neno linaloleta kicheko, liko mwisho kabisa. Na hapa Kiswahili chenyewe kinamsaidia: *hatakitumia* ni neno moja lenye mtu, wakati, kukanusha na choo ndani yake. Akiongeza chochote baada yake, hata "jamani" tu, amekiua. Anyamaze, alegeze goti moja kama mtu anayehamisha uzito, asubiri kicheko kishuke hadi theluthi ndipo aendelee. Asisubiri kiishe. Kikiisha anaanza kupanda mlima upya.

Kila mhusika apewe vitu vitatu, si zaidi: sauti inatoka wapi (kifua, pua au koo), uzito wa mwili unakaa wapi (kisigino, vidole au kiuno), na kitu kimoja cha mkononi. Huyu mgumu sauti iko kifuani, uzito uko vidoleni kwa sababu shingo imeinama mbele, na mkononi ana ile kamba ya kufungia mzigo. Mhusika wa pili awe kinyume chake katika vyote vitatu. Flaikacha wa pale mnara wa saa, yule anayewafuata watalii mtaani kuwauzia vitu, kwa mfano: sauti puani, uzito kisiginoni kwa sababu muda wote anatembea kinyumenyume mbele ya mgeni, na mkononi picha za kuchora. Wahusika wawili wakitofautiana kwa mavazi tu, mgeni asiyejua Kiswahili ataona mtu yuleyule amebadilisha nguo.

Kuhusu lugha: asiseme utani kwa Kiswahili halafu autafsiri. Nusu ya ukumbi inacheka, nusu inasubiri, na tafsiri ikifika wale wa kwanza wameshapoa. Maelezo ya mwanzo ndiyo ayaseme kwa lugha mbili, sentensi moja moja. Pigo lenyewe lipigwe mara moja, kwa mwili. Choo kile akishakiigiza mgongoni, na akageuka kuwapisha wageni kwa heshima zote, hakuna wa kutafsiriwa.

Mavazi: gauni jeusi la chini lisilobadilika, juu yake kanga na wigi. Kanga ina urefu wa sentimita kama 150 na upana 110 hivi, inatosha kuwa ushungi, mbeleko, kata ya kichwani au mzigo. Mpya ifuliwe mara mbili kwanza, ule wanga wa kiwandani unaifanya iteleze na fundo halishiki. Na jina la kanga lisomwe kwa sauti angalau mara moja. Ukumbi wa Tanzania ukionyeshwa kanga bila kusomewa maandishi yake unabaki na deni. Mabadiliko nyuma ya pazia yasizidi sekunde 25, mpiga kinanda apewe mstari wa kurudia mpaka aone mkono.

Fundi_Spika

Kwenye maiki nitampinga BiKaratasi kabla hajaandika, maana najua watu wa uigizaji wanapenda ya kichwani.

Ukumbi wa meza 15 kwa kawaida una dari fupi na sakafu ya vigae, na spika zimekaa karibu na msanii. Maiki ya kichwani inanasa kila kitu, na ukiipandisha ili mnong'ono usikike inaanza kupiga filimbi, mara nyingi kati ya kilohezi 2 na 4. Fundi atakata hapo desibeli 6, filimbi itakwisha, na ukali wa konsonanti kama sh na t utakwenda nayo. Utani ambao konsonanti zake hazisikiki hauchekeshi. Pia ikiwa kichwani, velkro ya nguo, wigi likivuliwa na kanga ikipita sikioni vyote vinakwenda hewani.

Ya mkononi yenye kunasa upande mmoja ndiyo sahihi. Ikae sentimita 3 hadi 5 kutoka mdomoni wakati wa kusema, isogezwe hadi 10 kwenye noti za juu. Asiikamate kwenye wavu kama wafanyavyo wanamuziki wa kufokafoka, kiganja kikiziba matundu ya nyuma inageuka kuwa maiki ya kunasa pande zote na filimbi inarudi. Kwenye mixa, sauti zote chini ya hezi 100 zikatwe. Kwa mhusika anayehitaji mikono miwili, weka stendi yenye kitako cha duara upande wa kushoto wa jukwaa. Ile ya miguu mitatu ataikwaa.

Spika mbili za inchi 12 zinatosha kabisa. Zikae mbele ya mstari anaosimama, zikitazama watu, urefu wa juu ya vichwa vya waliokaa. Zikiwa nyuma yake, hakuna mixa duniani itakayomwokoa.

Mambo yanayoharibu onyesho Arusha, kwa mpangilio wa ubaya:

Umeme. Ukikatika, jenereta huchukua sekunde kadhaa hadi nusu dakika kushika, na mixa ya kidijitali inaweza kuhitaji dakika nzima kujiwasha tena. Ama tumia mixa ndogo ya kawaida, ama iwekewe UPS (betri ya akiba), ile ndogo ya kompyuta inatosha kwa mixa na kipokezi cha maiki. Na msanii awe na kipande cha sekunde 90 cha gizani, bila maiki, kilichoandikwa na kufanyiwa mazoezi kama vingine vyote. Watu wataapa kilikuwa kimepangwa, na kweli kilikuwa kimepangwa.

Maiki za bei nafuu zisizo na waya zinazotumia gigahezi 2.4. Hapo ndipo ilipo na Wi-Fi ya hoteli. Saa kumi jioni zinafanya kazi vizuri, saa mbili usiku wageni 60 wakiwa na simu mezani zinakatakata. Chukua za UHF, zinazotumia masafa mengine. Betri mpya kila onyesho, hata kama taa inaonyesha mistari miwili.

Biti (muziki wa kusindikiza) kutoka kwenye simu kwa bluutuu. Usifanye. Inachelewa, na simu ikiita ukumbi mzima unasikia. Waya, na simu iwe kwenye hali ya ndege. Ikivuma "mmm" ya chini ukiwa umeichomeka kwenye chaja, ichomoe chaja, tatizo ni njia ya umeme, spika hazina kosa.

Blenda ya baa. Sina maelezo zaidi. Kubalianeni na mhudumu wa kaunta.

Taa: mbili za LED, rangi ya moto kama ya balbu ya zamani, kwenye stendi za mita 2.5, kila moja pembe ya digrii 45 mbele yake. Bluu na zambarau zinameza uso wenye ngozi nyeusi, macho hayaonekani, na kichekesho kinakaa machoni. Ziwekwe nyuma kama pambo. Ukumbi upunguziwe taa lakini usiwe giza, wahudumu wanahitaji kuona. Meza za mbele zisogee hadi mita 2 kutoka jukwaani. Hoteli zinapenda kuacha sakafu ya kucheza dansi wazi katikati. Pengo hilo linakula kicheko kuliko spika mbovu.

BiKaratasi

Fundi, kwa ukumbi huo nakubali. Ila kwenye kumbi kubwa za mikutano, kama zile za AICC (kituo cha mikutano ya kimataifa hapa Arusha), ya kichwani ni lazima, kwa sababu hapo watu wa nyuma wanamtazama kwenye skrini na mkono wenye maiki unaficha mdomo.

Na nilisahau muda. Wageni wanaoamka saa kumi na moja alfajiri kwenda Ngorongoro, ikifika saa tatu na nusu usiku wameshalala. Hoteli ikisema "tuanze saa tatu, watu wakishachangamka," watakaochangamka ni wahudumu. Saa moja na dakika 45 usiku, chakula kikuu kikiwa kimeshaondolewa na kitindamlo hakijaletwa.

Mpekuzi

Kwa swali la nne, kwamba ni kazi nne au moja, tazameni waliotangulia.

Kabareti kama jina ni la Paris. Le Chat Noir ilifunguliwa Montmartre mwaka 1881, meza, vinywaji, mshereheshaji mwenye ulimi na washairi wa kuimba. Lakini mwendo wenyewe wa wimbo, kichekesho, wimbo, sisi tunao. Taarabu ya Zanzibar ya zama za Siti binti Saad ilikuwa na vichekesho vifupi kati ya nyimbo. Vikundi vya utamaduni vya Dar es Salaam, Muungano kuanzia miaka ya 1980 na TOT (Tanzania One Theatre) kuanzia 1992, vilipanga kwenye onyesho moja la baa ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza na taarabu. Msanii aliyejua kitu kimoja tu alikuwa mzigo kwa kikundi. Mmoja alicheza ngoma saa kumi, akawa mama mkwe kwenye mchezo saa kumi na mbili, usiku yuko kwenye waitikiaji.

Nje nako, kwa wasanii watatu wa Marekani, hali ni hiyohiyo. Josephine Baker aliingia Paris mwaka 1925 kama mcheza dansi wa kuchekesha, yule anayekosea hatua makusudi na kukunja macho, na mwaka 1934 alikuwa mwigizaji mkuu wa filamu. Bette Midler mwaka 1970 aliimba na kuchekesha kwenye bafu la umma la New York lenye kijukwaa, Barry Manilow akimpigia piano. Mwaka 1979 alipata filamu yake ya kwanza kama mhusika mkuu na kuteuliwa Oscar. Whoopi Goldberg alipanda Broadway mwaka 1984 na onyesho la mtu mmoja lenye wahusika kadhaa, mwaka uliofuata yumo kwenye filamu ya Steven Spielberg.

Hebu oneni kinachojirudia. Hakuna aliyeacha kazi moja akaenda nyingine. Ufundi wa wahusika uliojengwa jukwaani mbele ya watu ndio uliobebwa kwenda kwenye kamera. Kwa hiyo mtaji wa msanii wenu ni wahusika watatu waliokomaa, hizo kazi nne ni masoko tu.

MtaniWaUpare

Wachaga wa uzi huu mnisamehe, pesa nazijua hata kama si Mmachame.

Vibali kwanza. Msanii asajiliwe BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na tukio lenyewe lina kibali chake. Hivyo ni vitu viwili, usajili wa mtu si ruhusa ya onyesho. Mlango wa kuanzia hapa ni ofisi ya Afisa Utamaduni. Muulize mwenye hoteli kama kibali cha burudani cha ukumbi kiko hai, kwa maandishi, kabla ya kuchapa tangazo. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya 1976 inagusa pia michezo ya jukwaani, kwa hiyo muswada uliochapwa vizuri uwe tayari. Hata kama hauombwi, ndio ushahidi wenu kwamba wahusika ni mali yenu.

Wimbo wa kichekesho: kubadilisha maneno ya wimbo wa mtu ni kazi inayohitaji ruhusa ya mwenye wimbo chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. "Ni utani tu" si ruhusa. Njia nyepesi ni mpiga kinanda atunge mtindo unaofanana na aina ya muziki, rumba au mchiriku, bila kuchukua wimbo wa yeyote.

Mkataba ukurasa mmoja unatosha, mambo haya yasikosekane. Nusu ya malipo siku saba kabla, iliyobaki kabla hajapanda jukwaani. Baada ya onyesho mhasibu ameshakwenda nyumbani, kila mara. Hoteli ikighairi ndani ya saa 72, nusu ile hairudi. Chakula cha watu wawili, chumba cha kubadilishia chenye kufuli, usafiri wa kurudi baada ya saa nne usiku, maana bodaboda na mawigi haviendani. Na kifungu cha kurekodi: hoteli isiweke mtandaoni zaidi ya sekunde 60, tena za wimbo. Utani ukishaonekana kwenye simu, Ijumaa ya tatu haina mteja.

Hoteli ikiwa na utaratibu wake itakata kodi ya zuio asilimia 5. Ankara ya shilingi 600,000 inakuja 570,000. Ni kawaida, lakini dai cheti cha ile 30,000, ni kodi yake aliyokwisha kulipa. Bila TIN (namba ya mlipakodi) hamfiki hata hapo.

Usikubali mgawo wa kiingilio kwenye hoteli. Mgeni wa safari amelipia kila kitu kwa kampuni yake, hanunui tiketi mlangoni. Bei iwe ya kudumu, na kutunza kuwe kwake. Kuhusu kutunza: watu wa mjini watapanda kumtunza katikati ya wimbo, tena ule wa kweli. Mpiga kinanda arudie kibwagizo, msanii apokee kwa mkono wa pili bila kuacha kuimba, na mtu wa kikundi asimame pembeni na kikapu. Asikunje noti jukwaani, inakata wimbo na haipendezi.

Sasa kalenda, maana hapo ndipo kazi nne zinapoungana. Wageni wapo Juni hadi Oktoba, kisha Desemba hadi Februari. Masika, Machi hadi Mei, hoteli zinapumua. Harusi zinasimama Kwaresima kwa Wakatoliki na Walutheri, na hapa kwetu hao ni wengi, zinarudi kwa kishindo baada ya Pasaka. Desemba Moshi hakuna ukumbi, kila Mchaga amerudi nyumbani na kila mmoja ana harusi, ubarikio au vyote viwili. Tarehe za Desemba zifungwe Septemba. Mikutano ya Arusha haina msimu mkali, wanataka dakika 20 safi baada ya chakula. Kinachobaki tupu ni mwisho wa Februari hadi Pasaka. Huo ndio muda wa kwenda Dar kwa ajili ya filamu na sauti, na wa kuandika mhusika mpya.

Kwenye harusi mteja ni kamati, na mweka hazina wa kamati anashikilia michango hadi dakika ya mwisho. Malipo yaishe kabla ya maharusi kuingia. Na jambo la kienyeji: ndafu ikiingia, mchekeshaji ananyamaza. Yule mbuzi mzima aliyechomwa na kupambwa ana wimbo wake, msafara wake na wakwe wa kulishwa. Utani unakuja kabla hajatokea mlangoni au baada ya kukatwa. Anayetania katikati anasikilizwa na mpiga picha peke yake.

Lensi50

Nimalizie kamera na sauti, hayajaguswa.

Mhusika yuleyule mgumu, kwenye kamera anapunguzwa. Jukwaani shingo inainama ili meza ya 15 ione. Kwenye picha ya karibu, kope zikishuka inatosha, na mtikisiko wa goti hauonekani kabisa kwa sababu fremu inaishia kifuani. Kosa la watu wa jukwaani ni kusubiri kicheko. Kamera haicheki, na mhariri anakuta pengo la sekunde mbili kila baada ya mstari. Mazoezi: aseme kipande kizima kwa mtu aliye umbali wa mita moja, kwa sauti ya mezani, bila kupumzika penye pigo. Kosa la pili ni mwendelezo. Kama alishika kamba kwa mkono wa kulia kwenye neno "ishirini," ataishika hivyohivyo mara zote sita za kurudia, la sivyo picha haziungani.

Video ya kuombea kazi: simu ilazwe ubavu ili picha iwe pana, ukuta mtupu usiong'aa, dirisha liwe mbele yake na si nyuma, lensi usawa wa macho, fremu kuanzia kifuani. Anayemsomea mwenzake asimame kando kabisa ya lensi na aseme kwa sauti ndogo, vinginevyo yeye ndiye atakayesikika. Sekunde kumi za kwanza: jina, urefu, mji anaoishi, lugha anazozijua. Kisha vipande viwili, kimoja cha kuchekesha na kimoja cha uzito, dakika moja kila kimoja. Kichaga, Kimeru au Kimaasai akikijua kweli akitaje, matangazo ya biashara ya kanda hii yanatafuta hilo. Video ya onyesho la hotelini usiitume kama ilivyo. Inaonyesha mtu mdogo kwa mbali na watu wanaocheka kitu kisichosikika.

Kuingiza sauti: tamthilia za nje zinazotafsiriwa kwa Kiswahili zimefungua soko, na hapo mchekeshaji mwenye sauti tatu tofauti ana faida. Tatizo lake ni kuigiza kwa mwili mbele ya maiki. Kinywa kikiyumba sentimita 10 sauti inabadilika. Maiki iwe sentimita 15 hadi 20, imekaa pembeni kidogo ya mdomo ili p na b zisilipuke, karatasi iwe usawa wa macho, bangili na hereni mezani. Sampuli ya nyumbani irekodiwe chumba chenye godoro limesimamishwa nyuma yake na mablanketi pande mbili, faili la WAV, kilohezi 48, biti 24, vilele visizidi desibeli hasi 6. Friji izimwe. Na kwa Moshi na Arusha, mvua juu ya bati hakuna programu ya kuiondoa vizuri, kwa hiyo masika arekodi asubuhi au asubiri.

MnaraWaSaa

Asanteni sana wakuu, BiKaratasi shikamoo. Swali moja dogo limebaki. Ijumaa nne, watu wa mjini wengine watarudi. Abadilishe onyesho lote kila wiki?

BiKaratasi

Marahaba. Hapana, atachoka na hakuna kipande kitakachokomaa. Kila Ijumaa abadilishe dakika 11 tu: salamu zote, kwa sababu zinamhusu aliyekaa mbele usiku huo, na mhusika wa pili. Wimbo wa kweli na mgumu wabaki zote nne. Arekodi sauti ya kila onyesho kwa simu iliyowekwa meza ya nyuma, si jukwaani, asikilize Jumamosi na karatasi mkononi, aweke alama mahali watu walipocheka na mahali alipotegemea wacheke. Mstari uliokosa kicheko Ijumaa mbili mfululizo ukatwe, hata kama yeye anaupenda. Ijumaa ya tatu mpelekeeni Lensi50 kile kipande cha choo ambacho kimeshapunguzwa mara mbili, ndicho cha kurekodia video.

Fundi_Spika

Na simu hiyo ya meza ya nyuma mhudumu aambiwe. Ikionekana imesahauliwa, itarekodi onyesho zima la droo ya kaunta.